Tumemvika joho Injinia wetu

Makorora, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima huko Mwanza pamoja na watoto, na kifua cha yule mdogo kimetulia. Sisi huku alhamdulillahi. Mvua inanyesha tangu Alhamisi, barabara za Ngamiani zimejaa madimbwi, lakini jana Mwenyezi Mungu alitustiri. Halikudondoka hata tone mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Najua ulikuwa zamu, na safari ya Mwanza hadi Tanga si ya kwenda na kurudi. Sikulaumu. Lakini jana tumemuenzi Injinia wetu, mzee aliyetufundisha kazi ya maji, na kiti chako kilikuwa wazi pembeni yangu tangu mwanzo hadi mwisho, sikumruhusu mtu kukikalia. Basi kaa nikusimulie.

Kamati ilitusumbua kidogo. Wenzetu wa Dar walitaka ukumbi kule Raskazone, mgeni rasmi, na ngao ya kioo yenye maandishi. Nikawaambia ngao ya kioo itakaa kabatini inapigwa vumbi. Kwetu pwani mtu akitukuzwa huvikwa joho, tena nyumbani kwake, mbele ya majirani waliomwona akitoka usiku wa manane na kurudi alfajiri na matope hadi magotini. Wakanikubalia. Tukampa fundi wa pale Ngamiani alishone, jeusi, lenye uzi wa dhahabu shingoni. Tukafunga maturubai mawili mbele ya baraza yake, tukakodi viti, akina mama wa mtaa wakapika pilau. Kahawa na haluwa zilikuwapo tangu Alasiri.

Kazi nzito ilikuwa risala. Tulipoanza kuiandika, kila mtu alitaka orodha: miradi, kilomita za bomba, matanki. Tukakwama. Injinia hakujenga bwawa lenye jina lake wala daraja la kupigia picha. Alichofanya miaka yote ile ni kuhakikisha kilichojengwa na wengine hakifi. Na hilo utaliandikaje? Mji ukikaa miaka bila kipindupindu, hakuna anayekuja kukata utepe. Pampu iliyopakwa grisi kwa wakati wake haina habari, habari inayo ile iliyoungua. Ndiyo maana watu wa namna yake hustaafu kimya kimya, wakapewa mabati na mkono wa kwaheri, basi.

Mimi hilo linaniuma, na nililisema kwenye kikao. Nikawatajia nishani ya Hoover ya Wamarekani, inayotolewa tangu mwaka 1930. Hiyo haipimi ukubwa wa mtambo. Hutazama mhandisi amewatendea nini watu nje ya kazi yake ya mshahara. Wa kwanza kuipokea alikuwa Herbert Hoover mwenyewe, mhandisi wa migodi, ambaye kabla hajawa rais alisimamia kuwalisha Wabelgiji wakati wa Vita vya Kwanza. Nikawatajia na Wahindi, ambao Siku yao ya Wahandisi ni tarehe 15 Septemba, siku aliyozaliwa M. Visvesvaraya. Huyo sisi wa pwani tungepaswa kumjua vizuri, maana mwaka 1906 alipelekwa Aden kupanga maji ya mji na mifereji ya majitaka. Aden hiyo hiyo ya majahazi ya babu zetu! Nchi yake ilimpa nishani yake kuu mwaka 1955, akiwa bado hai, naye akaishi hadi 1962, ameshavuka miaka 100. Akiwa hai, shoga. Hilo ndilo nililoling'ang'ania. Sisi tuna Siku ya Wahandisi ya Bodi yetu ya Usajili wa Wahandisi, tunakula kiapo pale, na ni jambo zuri. Na nilifurahi sana Askwar Hilonga wa kule Arusha alipochukua tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, maana alitunzwa mapema, nguvu zingali mwilini. Lakini mzee anayesikiliza mabomba usiku, nani atampeleka jina? Tusipompeleka sisi aliotufundisha, hakuna mwingine.

Basi risala ikaandikwa upya. Tukaandika tuliyoyaona kwa macho.

Niliandika ile habari ya nondo. Unakumbuka? Saa nane usiku, mji umelala, mabomba yote majumbani yamefungwa, presha imepanda kwenye geji. Alisema huo ndio wakati ambao bomba lililotoboka husema. Anachukua nondo yake ya milimita 12, ncha moja juu ya valvu, ile koki kubwa ya bomba la mtaa, ncha nyingine nyuma ya sikio, la pili analiziba kwa kidole, kisha anafumba macho. Sisi tunazuia pumzi. Halafu anasogea valvu inayofuata, na inayofuata, mpaka anasimama na kuchora alama ya msalaba ardhini kwa kisigino. "Chimbeni hapa." Usiku wa kwanza tulichimba bila kuamini, na kwenye mita moja na nusu maji yakatupiga usoni. Wewe alipokupa nondo ulisema umesikia kama mchele unaopepetwa. Akacheka, akasema hilo ndilo sikio la kazi.

Na niliandika ile ya valvu. Unisamehe, tuliapa hatutaisimulia, lakini sikutaja jina. Mkono ulikuwa wako na taa niliishika mimi, kosa ni letu wote wawili. Tulikuwa na haraka, tukaifunga valvu kwa mizunguko michache kama tunafunga bomba la jikoni. Siku hizi nikifundisha vijana nawapa hesabu yake: bomba la inchi nane lenye urefu wa kilomita moja lina zaidi ya tani 30 za maji. Tani hizo ziko mwendoni, ukizizuia ghafla lazima nguvu yake itoke pahala, nayo hurudi nyuma kama rungu. Ule mlio bado nausikia. Mji ulikaa siku mbili bila maji, akina mama na ndoo vichwani, na mimi na wewe tunalia ndani ya mtaro, matope kiunoni. Yeye alikuwa mtaroni pamoja nasi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, maji yana uzito. Zungusha, hesabu, pumzika, zungusha." Kesho yake ofisi ile ilipotaka mtu wa kubeba lawama, akaandika taarifa kwa mkono wake kwamba msimamizi wa zamu alikuwa yeye na hakutuelekeza ipasavyo. Tungefukuzwa mafunzoni pale pale, na mabinti tulikuwa wawili tu. Leo wewe una saini yako kwenye michoro ya mji mzima.

Kuhusu maisha yake baada ya kustaafu nilikuwa sina mengi, lakini majirani wakanijazia. Kuna shule hapa jirani ambayo watoto walikuwa wanakuja na madumu ya maji kutoka nyumbani. Alikwenda na kopo tupu na rula, akawaambia watoto wa darasa la sita wapime mvua wenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lao lina mita za mraba 200, mvua ya milimita 30 ikipiga, ni lita 6,000 zinamwagika uani zikitengeneza tope. Watoto ndio waliopeleka hesabu hiyo kwenye kikao cha wazazi, na wazazi wakachanga tanki na mifereji. Akawafundisha waache mvua ya mwanzo ipite, kwa sababu hiyo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, kisha ndipo wafungulie tanki.

Habari nyingine alinipa imamu. Walitaka kuchimba kisima hatua chache kutoka choo cha shimo, uwanja wenyewe ni mdogo. Mzee akakataa. Wakamwambia mwamba utachuja. Hakubishana nao. Akawachukua wazee wa msikiti kwenye daladala mpaka mapango ya Amboni, akawaingiza ndani na tochi. Akawaambia: jiwe la huku ni chokaa, haya yote mnayotembea ndani yake yametobolewa na maji. Maji yanayopita kwenye ufa hayachujwi, yanapita kama mtu apitavyo mlangoni. Kama choo kiko hapa na kisima kiko pale, mtakunywa choo. Wakarudi kimya. Kisima kikahamishwa mbali, kwenye kiwanja alichokitoa mtu kwa wakfu.

Sasa nikueleze ya jana yenyewe. Tulipomvika joho vigelegele vilipigwa hadi mtaa wa pili. Limemkaa, shoga, ingawa amekonda. Akashukuru kwa maneno machache, halafu akatoa mfukoni daftari, lile la jalada jeusi. Tulidhani ana hotuba. Kumbe ni daftari la zamu. Akavaa miwani, akaanza kusoma: tarehe, saa, presha, na majina. Fundi bomba, mwendesha pampu, kibarua wa kuchimba, mlinzi aliyefungua geti. Usiku baada ya usiku. Mwanzoni watu walijiinamia, wengine wakatazama simu. Kisha akasoma jina moja, na mama mmoja aliyekuwa nyuma akigawa sahani za pilau akasimama wima na sahani mkononi. Lilikuwa la marehemu mumewe. Alikuwa kibarua, hakuwahi kuwa na cheti, na sidhani kama jina lake liliwahi kusomwa mbele ya watu tangu siku ya mazishi yake. Mzee akanyamaza akamtazama. Akasema, "Huyu ndiye aliyechimba, mimi nilisikiliza tu." Hapo ukimya ukaingia kwenye yale maturubai, na simu zote zikarudi mifukoni. Alisoma karibu nusu saa nzima. Kila baada ya kurasa chache mtu mwingine alisimama.

Na usiku wetu aliusoma. Mimi nilikuficha, yeye akakutaja kwa jina kamili, na mimi nikafuata. Nilishika kiti. Yaliyoandikwa ni haya tu: tarehe, majina yetu mawili, "Valvu imefungwa haraka, bomba limepasuka, hakuna aliyeumia. Wamechimba hadi asubuhi." Basi. Akafungua ukurasa unaofuata.

Watu walipotawanyika alinishika mkono akaniuliza, "Mwenzio wa valvu yuko wapi?" Nikamwambia uko Mwanza, wewe ndiye mkuu wa pampu. Akataka kujua kama unawafundisha vijana kuhesabu mizunguko. Nikasema sijui, atakujibu mwenyewe.

Kwa hiyo mpigie. Namba yake ni ile ile. Piga baada ya Alasiri akishaamka, na mwambie aweke simu kwenye sikio la kushoto, lile la kulia, la nondo, halisikii tena vizuri.

Nisalimie shemeji na watoto. Nakuwekea picha za joho kesho.

Shoga yako wa daima