Jumamosi ile nilikuwepo

Bakari ndugu yangu,

Salamu, habari za siku nyingi. Mimi mzima. Najua umeninunia, maana wiki tatu hizi hata kwa Salum hujaniulizia. Basi jua hili: Jumamosi ile tuliyopanga kukutana redioni nilikuwepo. Saa mbili nzima niliita kwenye bendi ya mita 10, mpaka mke wangu akachungulia kuona nagombana na nani.

Kosa langu ni kuiamini programu. VOACAP, ile ya kukisia kama mawimbi ya redio yatafika, ilinipa asilimia 80, nami nikaishika kama tarehe ya harusi. Kumbe ile asilimia ni ya mwezi mzima: katika siku 30, kama 24 hivi zitapitisha. Sisi tukaangukia zile sita. Programu inajua mwezi, saa na wastani wa madoa ya jua. Jua limeamkaje leo, haina habari.

Na lilikuwa limeamka vibaya. Nilikuja kutazama maji yameshamwagika: K, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, ilikuwa 6, yaani dhoruba! Mimi nilikuwa nimeangalia fluksi peke yake, yaani nguvu ya mawimbi ya redio yatokayo kwenye jua, 170, nono kabisa, nikajisifu. Fluksi hulinenepesha tabaka la F2, lile la juu angani linalorudisha mawimbi chini, sawa, lakini dhoruba ya sumaku ikipiga, tabaka hilohilo laweza kukonda, na masafa ya juu kabisa yanayorudishwa chini yakashuka. Yakishuka chini ya megahezi 28, ndiyo mita 10 yetu, sauti yako inatoboa na kwenda zake. Huko juu sasa wananijua kwa jina.

Mita 20, yaani megahezi 14, pengine tungepatana. Ila mpango wa pili hatukuwa nao, na hilo ni letu sote wawili, usinitazame mimi tu.

Siku hizi sigusi kitufe kabla ya kusikiliza vinara vya megahezi 14.100, vile vituo vya kupima njia ya mawimbi. Viko 18, kila kimoja sekunde 10, vinapokezana, mzunguko mzima dakika tatu, na milio yake inashuka: wati 100, 10, 1, kisha sehemu ya kumi ya wati. Jana kimoja nilikishika mpaka wati 1; ule wa mwisho ukamezwa na mikwaruzo. Kwangu hiyo inashinda asilimia yoyote... ingawa VOACAP bado naifungua, mazoea.

Wewe Jumamosi hiyo ulisikia nini? Au nawe hukuwasha? Ile waya uliishusha? Salum amerudisha kipimo changu? Tujaribu tena Jumamosi ijayo: megahezi 21 kwanza, dakika kumi zikipita kimya tushuke 14?

73, salamu zetu za redio, na uache kununa.

Idi