Kabla hujautoa ukuta: nyumba ya mawe inapopewa kazi mpya

Juzi alitujia karakanani, sisi mafundi wa nyumba za zamani, mama mmoja mwenye nyumba ya urithi hapa Mji Mkongwe. Yeye na ndugu zake wameshakubaliana: juu pawe na vyumba vya wageni, chini pawe mkahawa. Alikuja na mchoro wake mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, na katikati ya mchoro kulikuwa na ukuta uliokatwa kwa kalamu nyekundu. Tunauona mstari huo mwekundu karibu kwa kila mteja.

"Mwanangu, huu mtautoa kwa siku ngapi?"

"Bibi, tukiutoa huu, chumba cha juu kitatushukia vichwani."

Hakupendezwa, nasi tunamwelewa. Mkahawa unataka nafasi. Lakini nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki mbali. Mita tatu hivi, imemaliza. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba: upana wa chumba aliupima mti. Kuta mbili ndefu ndizo zilizobeba vichwa vya boriti. Ukuta mfupi wa upande mara nyingi haubebi kitu, na huo tunaweza kuuzungumza. Kwa mama yule tulipendekeza tuuache ukuta mrefu, tuufungue kwa matao mawili, moja baada ya jingine, boriti zikiwa zimeshikiliwa kwa nguzo za muda. Atapata vyumba vinavyoonana badala ya ukumbi mmoja, na wateja wake watakaa kwenye ubaridi wa kuta zenye unene wa zaidi ya nusu mita.

Jambo la pili lililokuwemo kwenye mchoro ni uwanja wa katikati. Aliuezeka bati ili apate jiko. Hili linatuuma kuliko yote, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka kazi iishe. Nyumba ya Kiarabu imeupa mji mgongo: nje ni ukuta mtupu na mlango, ndani vyumba vyote vinafungukia uwanjani. Hewa ya moto inapanda na kutokea hapo, na ya baridi inavutwa kupitia vyumbani. Ukiziba juu, nyumba nzima inakosa pumzi. Mwenye nyumba ananunua viyoyozi, viyoyozi vinadondosha maji ukutani, na mwaka unaofuata anatuita kwa sababu ya unyevu. Kama ni lazima kukinga mvua, tunainua paa juu ya kuta na kuacha uwazi pande zote.

Na unyevu ndio unaotuletea wateja wengi zaidi. Mtu anaona lipu inabanduka, anaita fundi, fundi anapiga saruji, ukuta unapendeza miezi kadhaa. Kisha yanachanua maua meupe ya chumvi, safari hii juu zaidi kuliko mwanzo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukiuvika saruji, maji yanakosa njia ya kutokea, yanapanda na kuelekea kwenye vichwa vya boriti vilivyojificha ndani ya ukuta. Kwenye nyumba ya mama yule tuligonga lipu kwa vifundo vya vidole, tukasikia utupu, tukaibandua kidogo. Boriti kwa nje ilikuwa nzima, imepakwa rangi vizuri. Tulipoichoma bisibisi karibu na ukuta, ilizama yote kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Chumba hicho kilikuwa kimepangiwa vitanda viwili na bafu.

Kwa hiyo tunatumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa muda mrefu, na tunapiga lipu kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri ya chini yake ikauke. Ni kazi ya polepole, na gharama ya siku hizo tunaiandika wazi kwenye makadirio. Mabafu tunayapanga yakae moja juu ya jingine, mabomba yashuke mahali pamoja panapofikika. Tangi nalo lina hesabu yake: lita 1,000 za maji ni tani moja, na haliwekwi katikati ya dari ya boriti.

Hatusemi nyumba za zamani zisibadilishwe. Zahanati ya zamani pale barabara ya Mizingani, ambayo Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887, chini palitolewa dawa na juu wakakaa watu. Ikaja kuchakaa, ikakarabatiwa katika miaka ya 1990, ikawa kituo cha utamaduni. Roshani zake zimebaki. Lakini sote tulishuhudia tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani, ilipoanguka, kwamba jengo kubwa nalo huchoka.

Ukituita, siku ya kwanza hatuleti nyundo. Tunakuja fundi mwashi, seremala na mchoraji ramani, tunapima, tunagonga kuta, tunaangalia boriti chumba kwa chumba. Kisha tunakaa nawe na kukuuliza nani atalala wapi, nani atapika, wazee watapanda ngazi ipi. Mchoro ukikamilika, tunaupeleka Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali. Tafadhali usianze kubomoa kabla hakijatoka, hata ukuta mdogo.

Siku hiyo tuandalie funguo za vyumba vyote, pamoja na kile cha chini kilichojaa makabati ya marehemu. Kwa kawaida tatizo huanzia humo.