Kadi zetu za kura si kazi ya waliokosa la kufanya

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu mwaka 2001, enzi dada yangu akinitumia nakala zimekunjwa ndani ya kanga, na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, kuhusu watu wanaoandika kadi za posta kuwahimiza Wamarekani wapige kura, imeniudhi kiasi kwamba nimekosa usingizi.

Mwandishi wenu amesema tunalipwa. Hatulipwi hata senti. Kadi tunanunua wenyewe, kalamu wenyewe, stempu wenyewe. Mwaka 2024, stempu ya kadi ilipopanda mwezi Julai ikafika senti 56, niliandika kadi 200. Stempu peke yake zilikula dola 112, na mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Majina na anwani hutoka kwenye daftari la wapiga kura, ambalo huku jimbo la Ohio, Marekani, liko wazi: linaonyesha uchaguzi gani mtu alipiga kura na upi hakupiga, ila halionyeshi alimchagua nani. Hilo hakulieleza. Akamalizia kwamba ni kazi ya wastaafu waliokosa la kufanya, eti siku hizi kuna simu.

Basi nimweleze kwa nini tunaandika kwa mkono. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Alipiga kura mwaka 2008, mara yake ya kwanza tangu aape uraia, akavaa suti. Baada ya hapo kila uchaguzi ulimkuta njiani. Mwaka 2016 aliomba likizo makusudi, akafika kituoni alfajiri, akaambiwa jina lake halimo. Hapa Ohio ukikaa miaka miwili bila kupiga kura unatumiwa barua ya kuulizwa kama bado unaishi pale. Usipojibu, na usipopiga kura miaka minne mingine, unafutwa. Naamini barua hiyo ilifika kwetu na ni mimi niliyeitupa, kwa sababu zinafanana na matangazo ya bima na mazulia yanayojaa kwenye sanduku letu kila siku. Pale kituoni walimpa karatasi ya kura ya muda, ile ya kuhesabiwa baadaye wakishahakiki kama mtu ana haki ya kupiga kura, akaikataa, akaona wanamfariji tu. Alirudi akakaa ndani ya gari mbele ya mlango wetu karibu saa nzima, suti ileile mwilini, nami nikimtazama dirishani sijui nimwambie nini. Kesi ya waliopinga utaratibu huo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2018 majaji watano dhidi ya wanne wakasema ni halali. Kama sheria ndiyo hiyo, basi mtu akumbushwe kabla hajafutwa, tena kwa kitu ambacho hatakitupa. Kadi ya mkono huisomi bila kuigeuza mara mbili. Unatazama mwandiko, unajiuliza ni nani huyu anayenijua kwa jina. Mimi nilifundisha darasa la kwanza Tanga miaka tisa. Mwandiko wangu unasomeka, na ndio nilionao wa kutoa.

Na anayesema kadi moja haibadilishi kitu, akumbuke Virginia mwaka 2017. Wagombea wawili wa Baraza la Wajumbe, sehemu ya bunge la jimbo hilo, walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja, na Januari iliyofuata mshindi akapatikana kwa kuchomoa jina bakulini. Kiti hicho kimoja ndicho kilichoamua kama chama kimoja kitakuwa na wingi barazani.

Kwa kuwa nimeshashika kalamu, kuna na hili. Kurasa zenu za diaspora zinatuhimiza tutume pesa, tujenge, tuwekeze. Kuhusu kura zetu, kimya. Nilipoapa uraia wa Marekani niliupoteza wa Tanzania, ndivyo sheria isemavyo. Na hata Watanzania wenzangu waliobaki na pasi zao hawana kituo cha kupigia kura huku, ilhali mwaka 2022 Wakenya walipiga kura ya rais wao Washington, New York na Los Angeles. Ni lini mliandika ukurasa mzima juu ya jambo hilo? Kura ya Ohio ndiyo pekee niliyobaki nayo duniani, ndiyo maana inaniuma anayehangaika kuilinda anapoitwa mtu asiye na kazi.

Naomba msahihishe lile la malipo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Kisha mwandishi wenu anunue kadi 20 na kalamu ya buluu, si nyeusi, maana nyeusi huonekana kama imechapwa. Awaandikie watu 20 wa mtaani kwake asiowajua, awakumbushe wakahakiki majina yao kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na azipeleke posta kwa pesa yake mwenyewe. Mimi kadi 20 hunichukua saa moja na dakika 20. Akimaliza, aiandike upya ile habari.

Mwalimu wa zamani wa Tanga,
Ohio, Marekani