Zulia lililolowa maji ya mafuriko lisirudishwe sebuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo kila masika hupita bila kusemwa, ingawa linatufuata hadi vyumbani tunakolala. Mvua kubwa inapokatika na maji ya Mto Msimbazi kupungua, kuanzia Kigogo hadi Jangwani utaona kuta na nyua zimetandazwa mazulia yaliyotolewa ndani, na jua likishazama mazulia hayo hurudishwa sebuleni kwa sababu mtu akiyapapasa juu anayakuta makavu. Kwa maoni yangu, mengi kati ya hayo hayakustahili kurudi ndani hata kidogo, na yale machache yanayofaa kuokolewa hurudishwa mapema mno.

La kuuliza kwanza ni maji yametoka wapi. Zulia lililoloweshwa na bomba lililopasuka au paa linalovuja linaweza kusafishwa likatumika miaka mingine mingi, mradi lishughulikiwe siku hiyo hiyo. Maji ya mafuriko ni habari nyingine kabisa. Mitaa yetu mingi hutegemea vyoo vya shimo, na sote tunafahamu, hata kama hatupendi kulisema mbele ya wageni, kwamba wapo majirani wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo vyao mtaroni. Maji hayo ndiyo yanayovuka kizingiti usiku na kuingia chini ya makochi. Zulia la manyoya lina nyuzi zilizosongamana, gundi, na mgongo wa kitambaa au wa juti, na uchafu wa chooni ukishazama humo hakuna kusugua kutakakoutoa wote, wakati mtoto anayetambaa juu yake hupeleka mikono mdomoni kila dakika. Katika jiji linalojua kipindupindu kama letu, zulia hilo ni la kutupwa pamoja na sponji iliyo chini yake. Najua ni rahisi kuandika hivyo na ni vigumu kutenda, hasa kwa mpangaji aliyelinunua kwa kudunduliza.

Kwa zulia lililolowa maji safi, adui mkubwa ni muda. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Aprili huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba hata shuka huchelewa kukauka. Kabla ya kugusa chochote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe iko mahali penye maji, mtu asiikaribie bali amwite fundi. Baada ya hapo zulia litolewe nje, likamuliwe kwa kusukuma maji na ubao au mpini wa fagio kuelekea upande mmoja, kisha lipitishwe juu ya mabenchi mawili au kamba imara ili hewa ipite pande zote mbili. Kulilaza juu ya ukuta, kama tulivyozoea, hukausha upande unaotazama jua tu, huku upande uliolalia matofali ukibaki na maji. Kipimo kisichodanganya ni kukandamiza karatasi nyeupe ya chooni mgongoni mwa zulia kwa nguvu: ikitoka na unyevu, zulia bado bichi, hata kama manyoya yake yanachoma kwa joto. Na wanaosuuza kwa maji ya kisima cha chumvi, ambavyo ni vingi ukanda huu wa pwani, wamalizie kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi inayobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani na zulia halikauki likakaa kavu.

Kapeti la plastiki, ambalo ndilo lililomo katika vyumba vingi vya kupanga, huwadanganya watu kwa namna yake. Juu hufutwa kwa tambara likang'aa, na chini yake maji hubaki yamefungiwa kwenye sakafu ya saruji hadi chumba kinuke uvundo. Halina budi kukunjuliwa lote na vitu vyote kuhamishwa, lisuguliwe pande zote mbili kwa sabuni, na sakafu iachwe wazi siku kadhaa mpaka rangi ya saruji irudi kuwa moja. Ikiwa mgongo wake una tabaka la kitambaa na maji yalikuwa ya mtaroni, nalo liende na mengine.

Kuhusu jiki, watu huimwaga juu ya tope wakidhani inaua kila kitu. Tope huimaliza nguvu kabla haijafanya kazi, kwa hiyo tope lioshwe kwanza kwa maji na sabuni, jiki ifuate sakafuni. Kamwe isichanganywe na dawa kali za kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu, tena ndani ya chumba chenye dirisha moja.

Mwisho ni ombi kwa halmashauri na wenyeviti wa serikali za mitaa. Mafuriko si ajali ngeni kwetu; baada ya yale ya Desemba 2011 familia kutoka mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, na waliobaki wameendelea kuoga tope mwaka hadi mwaka. Ingefaa maji yanapopungua litangazwe kwa kipaza sauti lori litapita siku gani kuchukua mazulia, magodoro na sponji zilizolowa. Leo vitu hivyo hurundikwa kando ya barabara, huokotwa usiku, huoshwa juujuu na kuuzwa kwa mtu wa mtaa mwingine asiyejua vilikotoka. Hadi lori hilo lipatikane, anayetupa zulia alikate vipande kwa kisu kabla ya kulitoa nje.

Wako,
Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam