Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: Virusi vinavyopotea kabla ya kufika maabara

Mheshimiwa Waziri,

Tunapopima kuku, bata na ndege wengine kwa homa ya mafua ya ndege au mdondo (ugonjwa wa Newcastle), jibu la maabara linalotutia hofu kuliko yote ni "hakuna virusi". Likishatoka, karantini huondolewa na soko hufunguliwa, hata kama sampuli iliharibika njiani.

Tuanze na swabu, kijiti cha kuchukulia ute wa ndege. Yenye kijiti cha mti au ncha ya alginati ya kalsiamu huzuia kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vya virusi; inayofaa ina ncha ya poliesta na mpini wa plastiki. Kila ndege achukuliwe sampuli mbili, kooni na kwenye tundu la haja. Anayechukua ya nyuma peke yake anajipunguzia kazi, ilhali H5N1, aina ya virusi vya homa ya mafua ya ndege, mara nyingi hupatikana kwa wingi zaidi kooni. Kubana matumizi kunawezekana: swabu hadi tano katika chupa moja, mradi ni za kundi moja na aina moja ya ndege, na za koo zisichanganywe na za nyuma.

Kisha baridi. Sampuli ikae kwenye nyuzi 4, ifike maabara ndani ya saa 48. Ikibidi kungoja zaidi, igandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni mtego: mtu huamini amehifadhi, kumbe virusi vinakufa polepole, hasa umeme unapokatika na kurudi.

Idadi ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika kundi kubwa, ndege 5 kati ya kila 100 wakiwa wameambukizwa, inabidi kupima 59 waliochaguliwa bila upendeleo ili kuwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumnasa angalau mmoja. Ukipima kumi tu, uwezekano wa kuwakosa wote ni karibu asilimia 60! Kukiwa na vifo hesabu hubadilika: wagonjwa na mizoga mibichi ndiyo ya kuanza nayo. Bata wasisahaulike, maana anaweza kumwaga virusi huku akila na kuogelea kama kawaida. Kwa ndege wa porini waliokutwa wamekufa, ubongo uchukuliwe pamoja na swabu.

Mdondo una tatizo lake. Chanjo hai nayo huonekana kwenye PCR, kwa hiyo fomu isiyo na tarehe na aina ya chanjo humwacha mtaalamu gizani mpaka asome jeni F, sehemu inayotofautisha virusi vikali na vya chanjo.

Kabla ya kununua mashine nyingine ya PCR, Mheshimiwa, tunaomba waraka mmoja: kila sampuli iandikwe aina ya ndege, mahali, tarehe, hali yake na chanjo, pamoja na joto la kasha lilipopokelewa. Na sampuli iliyofika na joto, au isiyo na maelezo, ijibiwe "haifai kupimwa, ichukuliwe upya", kamwe isijibiwe "hakuna virusi".

Wako,
Madaktari wa mifugo na watumishi wa maabara