Nala haifuti ushuru wa kila kiwanda

Ndugu Mhariri,

Tangu Nala itajwe miongoni mwa maeneo maalumu ya kiuchumi yanayonadiwa na TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo hayo, wenye viwanda hapa Dodoma wanauliza swali moja: tukihamia kule, ushuru wa forodha unafutika? Inategemea bidhaa yako unamuuzia nani. Anayehama kabla ya kupiga hesabu hiyo anaweza kulipa zaidi ya anacholipa leo.

Faida ipo, tena kubwa. Chukua kiwanda kinachoagiza malighafi ya shilingi milioni 100, bima na nauli ya meli zikiwa ndani, na ushuru wake uwe asilimia 10. Nje ya eneo la EPZ, yaani eneo huru la kuzalisha bidhaa za kuuza nje, unalipa ushuru milioni 10, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 juu ya milioni 110, yaani milioni 19.8. Jumla milioni 29.8 zimetoka mfukoni kabla mashine haijawashwa, achilia mbali tozo nyingine ndogo za forodha. Kama fedha hiyo ni ya mkopo wa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, na mzigo ukakaa miezi mitano hadi uuzwe, riba peke yake inakaribia milioni 2. VAT utaidai baadaye, lakini riba hairudi. Ndani ya eneo la EPZ malighafi hiyo inaingia bila malipo hayo, na bidhaa ikisafirishwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile milioni 10 hailipwi kabisa.

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, bidhaa inayotoka EPZ kuja soko la ndani inahesabiwa kama imeagizwa kutoka nje. Na ushuru wetu wa pamoja umepangwa kwa ngazi: malighafi isiyosindikwa sifuri, bidhaa nusu (kama ile ya mfano wetu) asilimia 10, bidhaa kamili asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa kamili asilimia 35. Kwa hiyo malighafi yako ya milioni 100 ikitoka imekuwa bidhaa kamili ya milioni 180, ushuru wa asilimia 25 ni milioni 45. Jirani yako wa Kizota, aliyeagiza malighafi ileile kwa njia ya kawaida, alilipa milioni 10. Mtauzaje bei moja sokoni Majengo?

Hapa ndipo mifano ya Marekani inapotupotosha. Sheria yao ya maeneo huru ya mwaka 1934 imezaa utaratibu unaokiruhusu kiwanda chenye kibali kuchagua, mzigo unapoingia sokoni, kulipa kiwango cha kipuri au cha bidhaa kamili. Kule zipo bidhaa kamili ambazo ushuru wake ni mdogo kuliko wa vipuri vyake, ndiyo maana hiari hiyo ina thamani (ingawa ushuru mpya wa 2025 umeibana sana). Kwetu ngazi inapanda kwenda juu, kwa hiyo faida hiyo usiihesabu.

Wapo pia wanaoipigia hesabu Nairobi au Kigali wakidhani huko ni nje. Kwa forodha, huko ni ndani. Itifaki ya Umoja wa Forodha imeweka kikomo cha asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka kwa mauzo ya EPZ ndani ya Jumuiya, na mauzo hayo yanalipiwa ushuru kamili.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni daftari. Tuseme mtengeneza mvinyo ameingiza vizibo 10,000 bila ushuru. Chupa zilizosafirishwa ni 9,700. Vizibo 300 viko wapi? Kama vilipasuka kwenye mashine, vikusanywe na kuwekwa kando, ofisa wa forodha aitwe, viteketezwe mbele yake na hati isainiwe. Vikitupwa dampo kimyakimya, kwenye vitabu vinasomeka kama vimeuzwa mtaani, na ushuru wake unadaiwa. Kiwango cha upotevu kiandikwe tangu mwanzo kwa kupima uzalishaji halisi. Ukikisia asilimia 1 wakati mashine yako inaharibu 3, kila ukaguzi utakukuta na upungufu.

Njiani nako kuna mtego. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 450, na kontena linasafiri chini ya dhamana ya ushuru likiwa na lakiri. Lori likiharibikia Morogoro na dereva akahamisha mzigo bila kuwaarifu forodha, dhamana inaweza kudaiwa hata kama hakuna kilichopotea.

Anayeuza zaidi ndani ya nchi aangalie kwanza ghala la forodha. Mzigo unakaa miezi sita, kwa kibali cha maandishi unaongezewa mitatu, nawe unatoa kidogo kidogo, katoni ishirini leo, ishirini mwezi ujao, ukilipia zile tu unazotoa. Mwenye oda chache za nje anaweza kuomba kuzalisha chini ya dhamana palepale alipo, au akalipa ushuru na kuudai baada ya kusafirisha. Dai hilo lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu mzigo utoke, likiwa na nyaraka za kuingiza na za kutoa zenye maelezo yanayolingana. Nyaraka moja ikisema kilo na nyingine vipande, dai linakwama.

Tunaiomba TISEZA na TRA, wanapowaita wenye viwanda kuelezwa habari za Nala, waje na namba za ushuru za bidhaa zinazotengenezwa hapa: mvinyo, mafuta ya alizeti, vifungashio, mbolea. Kila mmoja aone kiwango cha malighafi yake na kiwango cha bidhaa yake kamili kwenye mstari mmoja, kabla hajasaini mkataba wa kiwanja.

Washauri wa masuala ya forodha,
Dodoma