Vaiza za pikapu si pambo, ila mafundi waache kutoboa milango

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule ndugu aliyeandika juzi kuwa vijana wa pikapu siku hizi wanamaliza pesa kwenye mapambo, akataja bampa za chuma, taa za buluu, miziki mikubwa, halafu akazitia humo humo na vaiza za milango. Hizo taa za buluu namuachia mwenyewe, hata mie zinaniudhi, ukipishana nazo usiku huoni kitu. Lakini vaiza, vile vibao vya plastiki vyeusi vinavyobandikwa juu ya dirisha la mlango, hapo kakosea, na nahisi huyu bwana hajawahi kuendesha pikapu Pemba mwezi wa nne.

Hali yetu ni hivi. Pikapu nyingi tunazofanyia kazi huku ni kuukuu, AC ilishakufa zamani kama iliwahi kuwepo, na ile feni ya kupuliza kioo cha mbele inatoa kelele tu, upepo hamna. Masika yakishika unapakia mikungu ya ndizi na viroba vya muhogo Konde alfajiri, mbele mmebanana watu watatu, mmoja katota chapachapa, mwengine ana kapu la samaki miguuni, vioo mnafunga kwa sababu mvua inaingia, basi hata hamjafika popote kioo cha mbele kishaingia ukungu wote. Na ule ukungu uko kwa ndani, ni pumzi zenu wenyewe na maji ya zile nguo, mvuke unakutana na kioo kilichopoa kwa mvua unageuka vitone. Dereva anafuta kwa kitambaa, anafuta kwa kiganja, anaazima mtandio wa mama aliekaa pembeni, na kila akifuta anaacha michirizi ambayo taa ya gari inayokuja ikiipiga ndo haoni kabisa. Njia ya Makangale pale inapopita msitu wa Ngezi ni balaa zaidi, mule kivuli mchana kutwa, miti inadondosha maji hata mvua ikiwa ishakatika, na watoto wa skuli wanapita pembeni mwa njia.

Dawa ya ukungu ule ni hewa. Ukishusha kioo vidole viwili vitatu kila upande mvuke unatoka, ila bila vaiza mvua nayo inaingia, bega la kulia la dereva linalowa, kitambaa cha mlango kinalowa, na zile gari za vioo vya umeme swichi zinaanza kufa moja moja. Vaiza inakaa juu ya ule upenyo, maji yanateleza juu yake yanaangukia nje, na gari ikitembea upepo unaopita juu ya ule mgongo wake unaivuta hewa ya ndani kutokea nyuma yake. Ndo kazi yake hiyo. Lori likikurushia maji ya dimbwi hapo haikusaidii, pandisha kioo, maana yale yanatoka chini.

Na kiangazi pia inafaa, umeegesha bandarini Mkoani unasubiri mzigo ushuke, unaacha upenyo mdogo joto linapungua kidogo na kikija kimvua cha ghafla viti havilowi. Kidogo lakini, nisieleweke vibaya, mtu asije akamuacha mtoto ndani ya gari akasema ina vaiza. Gari iliyofungwa juani huwa tanuri na upenyo wa vidole viwili haubadilishi hilo.

Sasa hapo ndugu yetu alipopata ni pale aliposema hivi vitu vinaokotwa njiani kila siku. Kweli. Vinaruka, na kikiruka kipande kirefu kama kile kikampata mtu wa bodaboda usoni si mchezo. Ila kosa si la vaiza, kosa ni la namna zinavyofungwa, na hili ndo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza wauzaji. Unaingia dukani unaambiwa "ya Hilux hii", Hilux ipi sasa? Ile Vigo iliyoanza 2004 mpaka 2015 na hii Revo iliyokuja baada yake milango yake haina umbo moja, na mlango wa singo kebini si lazima ufanane na wa mbele wa dabo kebini. Vaiza isiyo ya gari yako utaijua kwa kuiweka tu kavu kavu kabla hujabandua chochote, ikigusa fremu huku na huku katikati imeinuka basi hata ukiikandamiza na gundi gani itakuwa inavuta kurudi kwenye umbo lake, mwisho inabanduka. Muuzaji mwenye haya angekuruhusu uijaribu mlangoni kwanza. Wengi wanakwambia ukifungua boksi ushanunua.

Pili mafundi. Nimeona kwa macho yangu fundi mmoja hapa Chake kaletewa gari imetoka kuoshwa na sabuni, mlango bado una unyevu, kapiga tepu, kakandamiza kwa kiganja mara mbili, "haya twende", na mwenye gari akaondoka nayo mwendo wa kasi. Ile tepu nyekundu ya pande mbili inataka muda jamani. Zile nzuri za kampuni ya 3M wenyewe wanaozitengeneza wanasema baada ya dakika 20 hivi inakuwa imeshika nusu ya nguvu yake, saa 24 inafika asilimia 90, na kushika kamili ni saa 72. Kwa hiyo gari inatakiwa ilale, isioshwe, na kioo kisishushwe shushwe siku ya kwanza.

Na kabla ya hapo kuna kusafisha. Sie watu wa visiwani gari zetu zina chumvi, ukivuka na feri ndo kabisa, unaweza kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango ukakiramba ukasikia. Chumvi ile ioshwe kwa maji baridi ya bomba, mlango ukauke, halafu upanguswe na spiriti pale pale tepu itakapokaa, hasa kama gari imepakwa polishi, maana juu ya polishi hakuna tepu inayoshika. Spiriti iende kwenye rangi ya mlango tu, usiipanguse vaiza yenyewe, na petroli wala thina usiisogeze kabisa, ile ni akriliki, inapasuka vimistari vimistari mpaka inakuwa nyeupe. Supagluu nayo vile vile, inaacha weupe na ikikauka inavunjika kwa mtikisiko. Kazi yenyewe ifanyike asubuhi kivulini, si saa saba mchana bati linaunguza mkono.

Fundi anaejua utamuona habandui ule utando mwekundu wote kwa mara moja. Anabandua kidogo kila ncha, anazikunja zile ncha zitokeze nje, anaweka vaiza mahali pake alipokwisha kutia alama kwa vipande vya tepu ya karatasi, akiridhika ndo anavuta ule utando polepole huku kidole gumba kinafuata nyuma kikikandamiza. Tepu ikishagusa rangi haina marekebisho, ukiivuta uihamishe ishaharibika.

Kuna na zile za kuchomeka ndani ya raba ya dirisha, hazina gundi au zina kidogo tu. Kwa gari mpya ni nzuri na zinapendeza. Kwa hizi zetu ambazo raba zishakauka ngumu siziungi mkono, unaongeza unene mule kioo kinakopita, kinabana, unalazimisha ule mkono wa kupandishia, meno yanakatika ndani ya mlango na hapo ushajipa gharama nyengine. Vile vioo vya umeme vya kupanda wenyewe vikihisi kitu vinarudi chini. Mtu akizitaka hizo afunge kioo akiache hivyo siku nzima au zaidi raba izoee.

Lakini linaloniuma zaidi ni kutoboa. Vaiza ikibanduka mara mbili fundi anachoka na lawama, anachukua drili, anapiga skrubu tatu kwenye fremu ya mlango, anakwambia hii haitoki tena. Haitoki kweli, ila rangi ishakatwa na bati liko wazi, huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi, msimu mmoja wa kusi unatosha kuona machozi ya kutu yanateremka mlangoni, na maji yanaingia ndani ya fremu yanakaa humo. Mlango unaoza kutoka ndani kwa ajili ya kipande cha plastiki. Siku unataka kuiuza gari mnunuzi anapitisha mkono pale anashusha bei mbele yako na huna la kusema.

Wala hapakuwa na haja. Ile ya zamani inatoka vizuri, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kila nyumba yenye bibi harusi ipo, halafu pitisha mshipi wa kuvulia kati ya vaiza na mlango ukate gundi kwa kuvuta huku na huku. Masalia ya gundi yanalainika kwa mafuta ya taa, unaosha, unapangusa spiriti, unabandika tepu mpya. Mshipi Pemba hautafutwi.

Ombi langu kwa walimu wa kituo cha mafunzo ya amali pale Vitongoji, vijana wanaosomea ufundi wa magari wafundishwe na hivi vidogo, maana mtaani kazi ya mwanzo anayopewa kijana gereji ni hizi hizi za kubandika, hapewi kushusha injini. Na mwenye gari aulize kabla hajatoa funguo, fundi unatumia tepu gani na gari unalala nayo au hulali nayo, akianza kutafuta drili chukua funguo yako.

Na kwa wenye maduka, ndani ya boksi huwa mnakuja na vile vipakiti vidogo vya spiriti vya kupangusia. Tunajua vipo, maana vimechorwa kwenye karatasi ya maelekezo. Msivitoe.

Wako,
Dereva wa pikapu,
Konde, Pemba